Taa ya Birika

Tarehe 4 Machi

Wewe mtoto,

Salamu hupati. Salamu ni za watu waliokuja kuzika. Babu yako amewekwa ardhini Jumamosi, mpaka yule jirani tuliyegombana naye miaka tisa kwa ajili ya ukuta alikuja na jembe lake mwenyewe. Wewe hukuonekana. Ukatuma maneno manne kwenye simu ya shangazi yako: nimeshindwa kufika, nisameheni sana. Umeshindwa na nini? Na mto? Na simba? Mabasi ya huku yanatoka asubuhi na mchana, na una miguu miwili, naijua, niliikanda mwenyewe kwa mafuta ulipokuwa huna hata jino.

Sikuiti mke mwenzangu leo. Mke mwenza huzika mume.

Hii barua naandika kwa mkono wangu. Darasa la nne si chuo kikuu, lakini herufi zote nazijua na zinanijua. Simu sitaki. Kwenye simu mtu akiambiwa ukweli anasema mtandao mbaya. Barua utaimaliza.

Najua shangazi yako amekusimulia kwa kulia tu, kwa hiyo nakusimulia mimi. Ijumaa asubuhi babu yako alisema kifua kinabana. Nikamwita jirani mshonaji aje aendeshe gari letu hadi hospitali. Tulimlaza siti ya nyuma, kichwa mapajani kwangu. Tukapita soko vizuri. Kwenye kile kilima cha kiwanda cha matofali injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi ana haraka. Kisha ikakwama. Kimya. Mshonaji akazungusha ufunguo, hakuna kitu. Akatoka akavua shati, akasimama katikati ya barabara akilipunga. Gari la tatu lilisimama. Babu yako hakulingoja.

Fundi Kikohozi amekuja kuifungua injini. Pampu ya oili imekufa. Ile uliyoifunga wewe Desemba. Ndiyo habari yenyewe.

Nilisema tangu mwanzo, msichana halali chini ya magari. Mkaniona mshamba, wewe na babu yako.

Paka mzima. Bati la jikoni linavuja.

Bibi yako


Tarehe 27 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako ilikaa njiani siku kumi na mbili, na mfukoni mwangu siku nyingine kumi. Mimi mzima wa mwili. Natumaini mgongo wako umepungua kuuma, na kwamba shangazi, na tumbo lake hilo la miezi minane, anakusaidia kuteka maji.

Kuhusu mazishi sina utetezi. Nilikwenda stendi. Nilikata tiketi. Nilikaa kwenye benchi na begi miguuni, basi likaja, watu wakapanda, likaondoka. Zaidi ya hapo siwezi kueleza sasa.

Naomba nikuulize, Bibi, na tafadhali unijibu. Fundi Kikohozi alipofungua alikuta nini hasa? Chujio la pampu lilikuwa limeziba? Alikuta vipande vya gundi, laini kama mpira? Pampu yenyewe ilivunjika, au? Na taa ya oili iliwaka kabla ya siku ile? Kama iliwaka, ni siku ngapi?

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mjukuu wako


Tarehe 19 Aprili

Mjukuu,

Marahaba. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye masikio ya babu yako. Yale yale ya kupepea. Nilipomwona nilicheka halafu nikatoka nje.

Sasa wewe. Nimepokea barua nikadhani mtu ananipa pole, kumbe askari kaniletea maswali. Alikuta nini, kilivunjika nini, siku ngapi! Kikohozi amesema pampu imekufa. Kufa ni kufa. Maiti haiulizwi ilikula nini. Na hayo mataa, gari lile lina mataa mengi kuliko harusi. Mimi ni fundi umeme? Nilikuwa nimeshika kichwa cha mume wangu.

Kama unataka ushauri wa mtu mzima, ninao. Iache hiyo kazi. Mjini hapakosi kazi ambayo mtu anarudi nyumbani na kucha zake. Uza dukani kwa mtu, kaa ofisini, fagia benki. Yaliyopita yamepita, hatutayarudia kila barua.

Gari limeegeshwa uani. Kuku wanataga kwenye siti ya mbele na mimi nawaacha.

Kula vizuri. Kwenye ile picha uliyomtumia shangazi yako shingo imekuwa kama ya korongo.

Bibi yako


Tarehe 11 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Mpe shangazi hongera, na umbusu mtoto kwenye masikio, yote mawili.

Umesema hatutayarudia. Niruhusu mara moja tu, kwa sababu hapa hakuna mtu mwingine wa kumwambia. Nitakueleza kazi niliyoifanya Desemba, yote.

Babu alisema injini inagonga asubuhi kabla haijapata moto. Nikapima nguvu ya oili, ikawa chini. Nikamwaga oili, nikafungua sampo, lile bakuli la chini linalobeba oili yote ya injini. Pampu ya zamani meno yake yalikuwa yamelika. Babu aliuliza pampu inafanya nini. Nikamwambia inavuta oili kutoka chini inaisukuma juu, kila chuma kinachosuguana kipate. Ikisimama, dakika chache tu vyuma vinatafunana. Akasema, "Kumbe nalo lina moyo mbovu kama mimi. Lifanyie lenyewe kwanza, mimi nitangoja."

Chujio nililiosha kwa petroli. Pampu mpya niliijaza oili kabla ya kuifunga, isianze kazi ikiwa kavu. Bolti nilizikaza kwa mpangilio, nikazirudia. Mpaka hapo sina wasiwasi. Halafu gasketi ya sampo, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio, nikaikuta imekunjika kwenye pakiti yake, na duka limefungwa. Nikapaka gundi ya injini peke yake. Nadhani nilipaka nyingi, Bibi. Gundi ikizidi inajibinyia ndani, inakatika vipande, inakwenda kuziba chujio, na pampu haivuti tena. Hili nilifundishwa wiki yangu ya kwanza. Lakini basi langu lilikuwa la saa nane. Babu amekaa kwenye ndoo ananimulikia tochi, ananiambia, "Mke wangu, polepole, hilo basi si la mwisho duniani." Nikaharakisha.

Shangazi aliponipigia siku ile aliniambia mambo mawili kwa pumzi moja: babu amefariki, gari lilizimika njiani. Ndiyo maana nilikaa stendi. Nilijua nitalikuta limeegeshwa uani, na watu wataliangalia, kisha wataniangalia mimi.

Wiki iliyopita gereji waliletewa gari la wagonjwa, la kubadilisha pampu ya oili. Bosi akasema hii ya kwako, wewe ndiye mwenye mkono. Nikaingia chini, nikashika spana, mkono ukakataa. Si kutetemeka, ulikataa tu, kama punda. Nililala pale natazama bolti nane mpaka bosi akanivuta miguu. Siku hizi naosha vipuri kwenye beseni.

Bibi, kama Kikohozi alikuta gundi, niambie. Kujua kutaniuma, lakini nitajua.

Mjukuu wako


Tarehe 2 Julai

Mjukuu,

Sisi wazima. Bati la jikoni limezibwa, sasa linavuja la chumbani. Mtoto wa shangazi yako ameanza kucheka, anamchekea kila mtu, hana akiba. Paka kazaa ndani ya kabati la nguo za babu yako. Sijamfukuza.

Barua yako nimeipata zamani kidogo. Nimeisoma mara tatu. Mambo ya gundi mimi siyajui.

Nilikuwa na jambo la kukuandikia lakini wino umekwisha.

Kula.

Bibi yako


Tarehe 5 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Wino wako ulikuwa mweusi mpaka nukta ya mwisho.

Habari yangu ni moja. Nimeacha gereji. Nakata tiketi kwenye maegesho ya magari, nimekaa kwenye kibanda chenye dirisha, natoa karatasi, nasema karibu tena. Ni kazi safi, kama ulivyotaka. Kucha zangu zimerudi. Zile spana alizoninunulia babu nimempa mwenzangu mmoja wa gereji, zisiote kutu bure.

Usijali kunijibu yale maswali. Nimeshajijibu.

Mjukuu wako


Tarehe 21 Agosti

Umegawa spana? Nani kakutuma ugawe? Babu yako aliuza baiskeli yake kwa ajili ya zile spana, akawa anakwenda kinyozi kwa miguu. Zifuate leo, kabla hujaimaliza hii barua. Umezipata? Basi kaa chini.

Mke mwenzangu, leo nakuita hivyo kwa sababu nataka kusema na mfiwa mwenzangu. Naandika polepole na herufi zitakuwa mbaya.

Siku ile ya Desemba ulipomaliza kufunga pampu, uliniita nikae mbele. Uliwasha ufunguo ukanionyesha taa moja moja. Ulisema, Bibi, babu barabara anaiona lakini vidude vya karibu havioni, wewe ndiye utakuwa macho yake. Ukafika kwenye ile nyekundu yenye mdomo mrefu na tone. Ukacheka, ukasema, hii tuiite birika, usiisahau. Birika likiwaka zimeni gari hapo hapo, msiende hata hatua. Nikasema najua, najua. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimenuna kwa sababu umekuja siku mbili na saa nane unaondoka. Nilichobaki nacho kichwani ni birika.

Mwezi wa pili babu yako alipanda jiwe kwenye njia ya kinu. Chini pakalia. Tangu siku hiyo gari likawa linadondosha oili uani, tone, tone. Nikaweka beseni, maana nafagia uwanja ule kila siku. Beseni likipata oili naipaka kwenye nguzo za banda. Mchwa walihama. Nilijiona nina akili kuliko mtaa mzima.

Halafu birika likaanza kuwaka. Kwenye kona, kwenye mlima. Tambarare linazima. Babu yako akaniuliza, "Macho yangu, kuna nini hapo?" Nikasema birika. "Birika ndiyo nini?" Sasa mimi, niliyekuchapa wewe kwa kutouliza shuleni, niliyekuimbia kuuliza si ujinga mpaka ukaziba masikio, nilishindwa kutamka neno sijui mbele ya mume niliyekaa naye miaka arobaini na sita. Nikasema birika ni maji, maji yamechemka, gari lina kiu. Tukafungua mbele tukaongeza maji. Siku kumi na moja. Kila asubuhi nakuja na jagi. Maji yamejaa, yanamwagikia viatu vyangu, mimi nasema gari hili lina deko, litashiba tu.

Ijumaa ile iliwaka tangu getini na haikuzima. Niliiona kutoka nyuma. Mshonaji aligeuka akaniuliza, "Mama, hii nyekundu vipi?" Nikamwambia, "Hayo ni maji tu, nimeshaweka. Kanyaga."

Nilisema kanyaga.

Fundi Kikohozi alipoifungua aliniita peke yangu. Sampo ina ufa wa kidole kizima, ndani hakuna oili ya kulowesha kijiko. Akaichomoa pampu yako, akaizungusha kwa kidole, ikazunguka. Akakohoa kule kukohoa kwake, akasema, "Mama, hii pampu haina ugonjwa. Aliyeifunga ana mkono. Tazama gundi yake, nyembamba kama uzi, na chujio safi. Hii imekufa kwa njaa." Nikamwambia afunge mdomo wake. Nikaingia ndani nikakuandikia pampu imekufa. Sikuongeza uongo hata mmoja. Nilikata neno tu, nusu nikakupa, nusu nikaikalia.

Kwa nini? Mara ya kwanza kwa hasira, kwamba hukuja. Mara ya pili kwa sababu nilidhani utaacha hiyo kazi na utarudi nyumbani. Mara ya tatu wino ulikuwepo. Niliogopa tu.

Daktari alisema kwa moyo ule labda asingefika hata kwa ndege. Labda. Shangazi yako amelishika neno hilo kama kamba. Mimi silitaki.

Gundi yako haikuua mtu. Hili lisome mara mbili.

Bibi yako


Tarehe 30 Septemba

Bibi,

Shikamoo.

Nimechelewa kwa makusudi. Barua mbili za kwanza nilizichana, zilikuwa na maneno ambayo mjukuu hamwandikii bibi yake. Miezi sita niliamka kila siku nikijua nimemuua babu. Miezi sita hiyo hiyo wewe ulikuwa unaamka unajua sikumuua. Tuliandikiana habari za paka.

Nimekasirika. Bado. Sitaki kukuficha, maana tumeona kuficha kunafanya nini.

Ila kuna jambo linalonikatisha hasira katikati, na hilo nalo linaniudhi. Neno birika ni langu. Ile taa ina jina, inaitwa taa ya oili. Ningekwambia hivyo, ungeiona oili kwenye beseni na oili kwenye taa, ungeunganisha mwenyewe; wewe si mjinga, hujawahi kuwa. Niliona nikikutajia oili utanisonya, nikaamua kukutania. Halafu ukasema najua, najua, na mimi nikajua kwamba hujui, nikatazama saa.

Spana amenirudishia, isipokuwa namba kumi na tatu, anasema imepotea. Bosi alipita kwenye kibanda changu juzi, akanunua tiketi, akasema bila kunitazama kwamba nafasi yangu ataishikilia mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Nilimpa chenji. Ningekuwa nimefurahi kujua kwamba mkono wangu haukukosea, lakini mkono wenyewe haujasikia. Nimeujaribu kwenye kitasa cha mlango tu, kukaza skrubu mbili, ukaganda.

Mjukuu wako


Tarehe 14 Oktoba

Mjukuu wangu,

Hujambo. Sisi tupo. Mtoto ana meno mawili na ameniuma.

Kasirika. Kasirika yote, usiniletee nusu kwa sababu mimi mzee. Ningekuwa wewe ningechana barua saba. Msamaha siuombi kwa karatasi. Nitauomba kwa mdomo, mbele yako, uniangalie.

Ila hilo la birika usilichukue. Unataka tugawane kama mkate, sitaki. Neno lilikuwa lako, masikio yalikuwa yangu, na mdomo uliosema kanyaga ni huu hapa. Ukilibeba na wewe, halitapungua kwangu hata kidogo. Tutakuwa wawili tuliopinda migongo, basi.

Nimekwenda kwa mshonaji. Mtu huyu tangu siku ile alikuwa hasalimii vizuri, nikadhani ana kiburi. Kumbe naye alikuwa anajua ni yeye. Kwamba aliikanyaga vibaya kwenye mlima, kwamba angeshika gia nyingine. Nilimweleza yote, amekaa kwenye cherehani yake. Alilia mguu ukiwa bado kwenye kanyagio, sindano ikashona mbele na mbele mpaka kitambaa kikaisha, ikaendelea kushona hewa. Kisha akaniambia nitoke. Nikatoka. Shangazi yako nimemwambia, akanywea, siku tatu hakuniletea mtoto. Ya nne akamleta. Kikohozi nimemfungua mdomo. Sasa wanajua mtaa mzima, na sokoni wananyamaza nikipita. Wanyamaze. Nilikuwa na shingo ndefu mno, ilikuwa imefika wakati wake wa kuinama.

Sikiliza sasa, na hapa siombi.

Kabla mwezi haujaisha rudi kwenye hiyo gereji. Kibanda cha tiketi kipe mtu mwingine. Pampu ya oili ya kwanza itakayoletwa, liwe gari la tajiri au la takataka, ni ya kwako. Ingia chini. Mkono ukikataa, lala hapo hapo uungoje, usimwite mtu, mkono hauna pengine pa kwenda. Osha chujio. Ijaze oili kabla. Nunua gasketi nzima, na duka likiwa limefungwa, basi gari lilale. Ukimaliza, mwite mwenye gari, umtajie kila taa kwa jina lake, kisha umwambie akurudishie kwa mdomo wake mwenyewe. Akikwambia anajua, anajua, ufunguo usimpe.

Ndipo upande basi uje nikuonyeshe alipolala. Hapo juu sijaotesha kitu, nakungoja wewe, nina hamu na wewe mpaka nasikia vibaya. Lakini usije kabla hujaifunga hiyo pampu.